Leseni iliyozuiwa baada ya kukosa tarehe ya mahakama: kisa cha dereva wa njia ya Usagara

Dereva wa Hiace ya abiria mkoani Mwanza, njia ya Nyegezi kwenda Usagara na Kigongo, anakwenda kuhuisha leseni iliyobakiza wiki chache kuisha muda wake. Namba ya NIDA anayo, TIN anayo, na ada ya Sh 70,000 ya miaka mitano ameshaiweka pembeni. Anaambiwa leseni haihuishiki kwa sababu mahakama imeizuia kwa miezi 12. Anaduwaa, maana anavyojua yeye kesi yake bado inapigwa kalenda. Kumbe hukumu ilishatoka miezi mitano nyuma, yeye akiwa hayupo.

Kisa hiki si cha mtu mmoja anayejulikana. Tumekijenga kutokana na jinsi mashauri ya namna hii yanavyokwenda kwa kawaida. Vifungu vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, tunavyovitaja vina namba za Toleo la 2022. Toleo la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limepanga namba upya, kwa hiyo anayeandika maombi leo ahakikishe kwanza namba ya sasa. Kutaja kifungu kisicho sahihi ni kumpa mwendesha mashtaka pingamizi la bure.

Ilivyoanza

Ajali ilitokea jioni karibu na njiapanda ya Usagara, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo. Hiace iligongana na bodaboda, na mwendesha pikipiki akavunjika mguu. Majeruhi alipewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, gari likakaguliwa na kujaziwa fomu ya ukaguzi, na askari akachora ramani ya eneo la ajali. Dereva akafikishwa Mahakama ya Wilaya ya Misungwi kwa kosa la kuendesha gari kwa hatari, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Akasomewa shtaka, akakana. Mjomba wake akamdhamini kwa barua ya mtendaji wa mtaa, nakala ya kitambulisho cha taifa na bondi aliyotia saini, yaani ahadi ya kulipa fedha mshtakiwa asipofika.

Tarehe mbili za kwanza alifika. Ya tatu, siku mashahidi walipotakiwa kuanza, alikuwa amelazwa Nansio kwa malaria kali. Alikuwa amekwenda Ukerewe msibani. Hakimu akaahirisha kwa siku 11. Tarehe ya nne hakuonekana tena, na safari hii alikuwa ameruhusiwa hospitali siku nne kabla. Mwendesha mashtaka akaomba shauri liendelee, mashahidi wakasikilizwa, akatiwa hatiani. Adhabu ikawa faini au kifungo cha miezi 6, pamoja na leseni kuzuiwa miezi 12. Hati ya kumkamata ikatolewa.

Hakuna aliyempata. Laini ya simu aliyoiandikisha polisi ilikuwa imepotea, na gari alilokuwa akiendesha lilikuwa limerudi kwa tajiri, yaani mwenye gari. Yeye alikuwa akipiga deiwaka, kibarua cha siku, kwenye magari ya wengine huku akidhani kesi inasubiri mashahidi.

Sheria inasemaje kuhusu kutofika

Kukosa tarehe hakuzai hukumu moja kwa moja. Kifungu cha 226(1) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuendelea kusikiliza shauri kana kwamba mshtakiwa yupo, pale ambapo shauri liliahirishwa na yeye hakutokea siku hiyo. Kifungu kidogo cha (4) kinampa hakimu njia nyingine: asimtie hatiani mtu asiyekuwepo, bali atoe hati akamatwe na kuletwa. Mahakimu hutumia njia zote mbili. Mara nyingi inategemea mashahidi wameshafika na kurudishwa mara ngapi.

Neno la kushika hapo ni kuahirishwa. Kifungu hiki kinamhusu mtu ambaye shauri lake lilishaanza mbele ya mahakama, shtaka likasomwa, akajibu. Aliyepewa dhamana polisi na hakuwahi kabisa kusimama mbele ya hakimu yuko mahali tofauti: kwake kinachotegemewa ni wito au hati ya kukamatwa, na hukumu iliyotolewa bila yeye kusomewa shtaka ina kasoro kubwa inayoweza kubomolewa Mahakama Kuu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza yeyote mwenye tatizo hili ni moja tu: ulishasomewa shtaka na kujibu? Dereva wetu alishajibu, na kwa hiyo kifungu cha 226 kinamhusu chote.

Kilicho na faida kwake ni kifungu kidogo cha (2). Mahakama iliyomtia hatiani mtu akiwa hayupo inaweza kuifuta hukumu hiyo ikiridhika na mambo mawili: kwamba kutofika kwake kulitokana na sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake, na kwamba ana utetezi wenye uzito katika kesi yenyewe. Yote mawili yanahitajika. Maombi mengi huanguka kwa sababu mtu ameeleza ugonjwa kurasa tatu na hakusema lolote kuhusu ajali.

Milango isiyofunguka

Kabla ya kufika mahakamani alizunguka kwanza, kama wengi wanavyozunguka. Alianza TRA, Mamlaka ya Mapato, inakotolewa leseni. Ofisa pale hana mamlaka ya kuondoa amri ya mahakama hata akimwonea huruma. Akaenda kwa trafiki, wakaangalia mfumo wa makosa ya barabarani wakaona ana deni moja la zamani: Sh 30,000 iliyopitisha siku 7 na kuongezeka robo, ikawa 37,500. Akalipa kwa namba ya malipo. Leseni ikabaki ilivyokuwa, kwa sababu faini za papo hapo na kesi ya mahakamani ni vitu viwili. Unaweza usidaiwe hata shilingi kwenye mfumo wa trafiki na bado hati ya kukukamata iko mezani.

Akatokea kishoka, akamwambia kuna mtu ndani atakayelisafisha jina. Hapa hatupepesi macho: amri ya mahakama haisafishwi kwenye kompyuta. Huondolewa na mahakama iliyoitoa, au ya juu yake, kwa amri nyingine iliyoandikwa. Ukilipa mtu akafanikiwa kukutolea leseni huku hati ya kukamatwa ipo, siku utakayokamatwa utakuwa na maelezo mengi zaidi ya kutoa.

Wazo la nne lilikuwa kukaa kimya hadi miezi 12 ipite. Hilo nalo halisaidii. Hati ya kukamata haizeeki. Inaishi hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama. Na kwa mujibu wa 226(3), adhabu iliyotolewa mtu akiwa hayupo huanza kuhesabiwa siku anapokamatwa, si siku ya hukumu.

Kutafuta jalada

Kazi ya kwanza ya maana ni kujua jalada liko wapi, na kwa barabara za Mwanza hili lina mtego wake. Ukitoka Mkolani na Buhongwa bado uko Nyamagana. Ukifika Usagara uko Wilaya ya Misungwi, na Kigongo vilevile. Ukivuka daraja la J.P. Magufuli ukashuka Busisi, umeingia Sengerema. Upande wa barabara ya Musoma, Igoma ni Nyamagana lakini Kisesa ni Wilaya ya Magu. Gari moja kwa saa moja linaweza kupita maeneo ya mahakama tatu za wilaya. Juu ya hayo, Mahakama ya Hakimu Mkazi Mwanza ina mamlaka ya mkoa mzima, na kesi inaweza kuwa imefunguliwa huko. Wapo wanaokwenda masjala ya Nyamagana, wanaambiwa jina halipo, wanarudi nyumbani wakiwa na amani ambayo si yao.

Anza na kituo cha polisi kilichofungua jalada. Chukua namba ya jalada la polisi, uliza lilipelekwa mahakama gani, kisha masjala ya mahakama hiyo ikupe namba ya shauri. Mashauri sasa yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, hivyo ukiwa na namba kamili na mwaka, karani hulipata haraka. Jina peke yake linasumbua: herufi moja ikikosewa kwenye hati ya mashtaka, hulioni.

Omba nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri, hukumu na amri ya adhabu. Kwenye hati ya mashtaka tazama kama kifungu cha 27 cha Sura ya 168 kimetajwa. Hicho ndicho kinachohusu kufutiwa leseni na kuzuiwa kuwa nayo. Kikiwa kimetajwa, upande wa mashtaka ulikusudia leseni tangu mwanzo. Kwenye mwenendo soma kila tarehe kwa makini: nani alikuwepo, nani aliambiwa tarehe inayofuata, kama mdhamini aliitwa. Kwa dereva wetu hapo ndipo uzi ulipopatikana. Siku ile aliyokuwa amelazwa, mwenendo ulionyesha shauri limeahirishwa kwa siku 11, lakini hakukuwa na mstari unaoonyesha mshtakiwa au mdhamini ametumiwa taarifa ya tarehe mpya.

Kulipa au kupigana

Kuna njia fupi: kujisalimisha, kulipa faini na kuitumikia zuio la leseni. Si njia ya aibu. Leseni ikiwa imezuiwa miezi miwili au mitatu, na ushahidi ni mzito, kulipa na kusubiri ni nafuu kuliko kufufua kesi ambayo inaweza kuishia palepale. Lakini zuio la miezi 12 kwa mtu anayekula kwa usukani ni kufukuzwa kazi, na rekodi ya kutiwa hatiani inabaki. Kwake tungeshauri maombi ya kufuta hukumu, mradi utetezi upo kweli.

Njia ya tatu ni rufaa Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza. Kifungu cha 361 kinataka taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, muda wa kusubiri nakala za hukumu ukiondolewa. Aliyegundua hukumu baada ya miezi mitano ameshachelewa vyote viwili, na lazima aombe kuongezewa muda kwanza. Kwa hiyo rufaa ni akiba. Unaanza palepale hukumu ilipotoka.

Kujisalimisha

Mwenye hati ya kukamatwa asiende mahakamani kama anakwenda kuulizia bei ya sangara mwaloni. Anakwenda asubuhi, siku ya kazi ya mwanzoni mwa wiki, akiwa na mdhamini ameshika barua mpya ya mtendaji, nakala ya kitambulisho na picha ndogo, na wakili akimpata. Ijumaa mchana ni siku mbaya: hakimu akiwa hayupo au mdhamini akikosa karatasi moja, mwisho wa wiki unaishia mahabusu, pengine Butimba. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuwaona watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kuandika kiapo ni kazi wanayoiweza.

Mahakama za juu zimeshaeleza kwamba mtu aliyehukumiwa akiwa hayupo akikamatwa, hapaswi kupelekwa gerezani moja kwa moja. Afikishwe kwanza mbele ya mahakama iliyomhukumu, aulizwe kwa nini hakufika na kama ana utetezi. Ukikamatwa barabarani, sema mapema kwamba unataka kufikishwa mahakama ile. Askari wengi hawaijui haki hii, na watuhumiwa wengi zaidi hawaijui.

Kabla ya hapo dereva alikuwa ameshapigiwa simu na mjomba wake, aliyepata namba mpya kwa watu wa stendi.

"Mjomba, mahakama imeniita nijieleze kuhusu bondi yako. Kesi umeitupa?"

"Shikamoo mjomba. Sikuitupa, nilikuwa nimelazwa Nansio. Karatasi za hospitali ninazo."

"Basi zilete. Mimi mahakamani siendi na maneno matupu."

Mjomba alikuwa sahihi. Kifungu cha 160 kinaruhusu mahakama kumtaka mdhamini aeleze kwa nini asilipe bondi iliyovunjwa. Yeye ndiye aliyekuwa akielekea kulipa kwanza.

Maombi na kiapo

Maombi yaliwasilishwa kwa maandishi yakiambatana na hati za viapo, kwa Kiswahili, lugha ya mahakama tangu marekebisho ya sheria ya 2021. Upande wa pili ni Jamhuri, hivyo nakala hupelekwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Kiapo ndicho kinachobeba maombi, na huharibika kwa mambo madogo. Kinaeleza mambo ya kweli tu. Hoja za sheria na lawama hazikai humo. Aya ya uthibitisho lazima iseme yapi anayajua mwenyewe na yapi ameambiwa, na na nani. Mwishoni lazima pawe na mahali na tarehe ya kuapa, saini ya muapaji, na saini na muhuri wa kamishna wa viapo. Kikikosa tarehe au mahali, kinaweza kutupwa kabla sababu haijasomwa. Na ukimtaja mtu mwingine ndani ya kiapo, huyo mtu aape chake. "Mjomba aliniambia hakupata taarifa" bila kiapo cha mjomba ni maneno ya kusikia. Kwa hiyo viliandaliwa viapo viwili.

Cha dereva kiliambatanishwa karatasi za kulazwa na kuruhusiwa zenye tarehe, muhuri na namba ya mgonjwa. Cheti kilichoandikwa miezi mitano baadaye kikisema "alikuwa mgonjwa" hakina nguvu hiyo, na mwendesha mashtaka anaweza kukiulizia hospitali.

Sasa sehemu ngumu. Hukumu haikutolewa tarehe ya tatu. Ilitokana na tarehe ya nne, alipokuwa ameshatoka hospitali. Karatasi za Nansio zinafunika tarehe ya tatu peke yake. Kosa linalowaponza wengi ni kueleza tarehe waliyougua na kuiruka ile iliyowahukumu. Kiapo kilisema ukweli: aliruhusiwa, akabaki Nansio akipata nafuu, na hakujua tarehe mpya kwa sababu hakuna aliyeiarifu familia, mwenendo wa shauri ukaambatanishwa kuonyesha hivyo. Ni hoja, lakini ina tundu. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana ana wajibu wa kuulizia kesi yake, na siku nne zinatosha kumtuma mtu Misungwi.

Hakimu aliliona tundu hilo. "Ulitoka hospitali. Kwa nini hukuja kuuliza?" Jibu la kweli likawa fupi: "Mheshimiwa, nilikuwa bado dhaifu, na nilidhani mdhamini ataitwa." Asingepona kwa jibu hilo peke yake.

Kilichombeba ni sharti la pili, la utetezi. Ramani ya polisi ilionyesha mgongano ulitokea upande wa kushoto wa barabara, ulio wa Hiace. Fomu ya ukaguzi wa gari haikuonyesha hitilafu ya breki wala usukani. Kiapo kilieleza kwamba pikipiki iliingia barabara kuu kutoka njia ya pembeni bila taa, giza limeshaingia, na kilimtaja konda aliyekuwa mlangoni kuwa shahidi. Huo si ushindi, ila ni utetezi unaostahili kusikilizwa, na sheria haidai zaidi ya hapo. Hakimu akafuta hukumu, adhabu na zuio la leseni, akaiondoa hati ya kukamata, akarudisha dhamana kwa bondi kubwa zaidi, na kumwamuru dereva kuripoti kila tarehe bila kukosa. Kama angekataa, hapo ndipo Mahakama Kuu ingeingia.

Katika kipindi chote hiki dereva hakupaswa kushika usukani. Kufungua maombi hakusimamishi zuio. Anayeendesha akiwa amezuiwa anajitengenezea kosa jipya, na ajali ikitokea kampuni ya bima inapata sababu ya kugoma.

Baada ya hukumu kufutwa

Kufutwa kwa hukumu hakumalizi kesi, kunairudisha. Shahidi wa kwanza alipomaliza kuhojiwa kuhusu ramani, upande wa mashtaka ukaomba kubadili hati ya mashtaka chini ya kifungu cha 234, ikawa kuendesha bila uangalifu unaostahili. Akasomewa upya, akakiri, akalipa faini. Leseni haikuguswa. Kukiri kosa kuna uzito wake: kunaweza kutumika kwenye madai ya fidia ya majeruhi, hivyo bima ya gari ijulishwe kabla, si baada.

Ikabaki kazi ya karatasi, na hapa wanaoshinda mahakamani hukwama. Amri mpya haijipeleki yenyewe kila ofisi. Alichukua nakala zilizothibitishwa za amri ya kufuta hukumu, hukumu mpya na stakabadhi ya faini. Nakala moja ilikwenda kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, moja TRA pamoja na maombi ya kuhuisha, na moja akabaki nayo. Kila ofisi iligonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yake. Amri iandikwe waziwazi kwamba zuio la leseni namba fulani limeondolewa. Amri inayosema tu "hukumu imefutwa" humrudisha mtu masjala, kwa sababu ofisa wa leseni hataki kutafsiri.

Kwa kuwa muda wa leseni ulishapita katikati ya shughuli hizi, alihuisha kwa utaratibu wa kawaida, polisi wakihakiki kabla ya malipo. Kwa gari la abiria, tajiri alitaka pia kuona uthibitisho wake wa udereva kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, bado ni hai kabla ya kumrudishia funguo na kuanza kudai hesabu ya kila siku.

Na mjomba? Shauri lilipokwisha, aliomba mahakama iandike kwamba bondi zote mbili, ya zamani na ya pili, zimemalizika, akachukua nakala. Wito wa kueleza kwa nini asilipe bondi ulikuwa bado haujafutwa kwenye jalada, na bila maandishi hayo ungeweza kumfuata mwaka unaofuata.